Mzee Milo na Mnyororo wa Yadi Kumi

Jumapili asubuhi nilikuwa nasukuma pipa la taka hadi kando ya barabara, mwanangu Amisa nimembeba mgongoni, Darla wa nyumba ya pili akaja mbio na koti lake la kulalia na viatu vya mumewe.

"Riz! Umesikia ya Milo wenu?"

"Anaumwa?"

"Heri angekuwa anaumwa. Jana kaonekana Tabor Ridge, uwanjani kwao. Kavaa kofia ya kijani, kakaa katikati yao, anawashangilia. Kasimama kabisa! Anapiga makofi!"

"Nani kamwona?"

"Shemeji yangu. Na picha kapiga."

Nikacheka. Nikamwambia Mzee Milo hashangilii hata watoto wetu wa Corliss, atawashangilia wale?

"Ndiyo maana nakwambia," Darla akasema, akatoa simu mfukoni.

Alikuwa ni yeye kweli. Kofia ya kijani, mikono juu, mdomo wazi. Nimeishi juu ya kichwa cha mzee huyo miaka sita, yeye chini, sisi ghorofani, na siku hiyo ndiyo nilijua ana jino la dhahabu nyuma.

Mtu wa mbali anaweza kusema kofia ni kofia. Hapa Corliss sivyo. Tabor Ridge wako maili kumi na moja kutoka kwetu, na mpira wa shule, huu wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ndio kitu pekee ambacho mji mzima unakifanya pamoja. Ijumaa ya mpira, duka la rangi linafungwa saa tisa. Rangi yetu sisi ni damu ya mzee, yao ni kijani. Kuna mwanamke huku alirudisha kochi dukani kwa sababu kwenye mwanga wa sebuleni lilionekana kijani.

Na Milo Hruska si shabiki wa kawaida. Mzee Milo ni mtu wa mnyororo.

Kila timu inapewa nafasi nne kusogeza mpira yadi kumi. Zile yadi kumi zinapimwa na mnyororo wenye fimbo mbili ndefu za rangi ya chungwa, moja kila upande, na kila fimbo ina mtu wake ukingoni mwa uwanja. Mpira ukisogea, nao wanasogea. Refa akiwa na shaka anawaita katikati, wanaingia wakikimbia kizee, wanauvuta mnyororo mpaka unakaza, na watu elfu tatu wananyamaza wakiangalia kama ncha ya mpira imefika. Fimbo moja Mzee Milo kaishika miaka thelathini na moja. Fimbo ya pili, miaka hiyohiyo, kaishika Verlin Stroud.

Walifanya kazi pamoja kiwanda cha matairi mpaka kilipofungwa. Mke wa Milo, Bernadine, alipofariki, Verlin alilala kwenye kochi la rafiki yake wiki mbili, akimpikia maharage ya kopo. Kila Agosti walikuwa wanakaa kwenye varanda chini yangu wanazipaka zile fimbo rangi upya, na mimi nasikia kicheko chao kikipanda na harufu ya rangi.

Sheria ya watu wa mnyororo ni moja: ukiwa ukingoni, hushangilii. Huna timu. Mzee Milo aliishika sheria hiyo hata mwanawe, Kurt, alipokuwa mrushaji wa Corliss, yaani yule anayeupokea mpira na kuamua aupeleke wapi. Aliishika hata Kurt alipokuwa mtu mzima na kufanywa kocha. Mwanawe anashinda, baba kasimama na fimbo yake kama mtu anayengoja basi.

Nyumbani ana daftari. Ndani yake kawapanga warushaji wote wa Corliss tangu mwaka 1979, wa kwanza mpaka wa mwisho. Siku moja aliniletea mkate wake wa kokwa za jozi, ule wa kukunjwa, nikamuuliza Kurt yuko wa ngapi.

"Wa kumi na moja."

"Mwanao mwenyewe, Mzee Milo?"

"Ana kichwa. Mkono hana."

Na hakumpandisha hata nafasi moja. Kurt anajua, mji mzima unajua. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa kwenye picha ya Darla.

Nilirudi ndani nikijua jambo ambalo Darla halijui. Mimi nahudumu kwenye mkahawa wa Peg, zamu ya asubuhi, na ile meza ya pembeni karibu na dirisha ni yangu. Kila Jumatatu wanakaa wanne: Mzee Milo, Verlin, Chet kinyozi, na Lonnie anayeendesha basi la shule. Wanaanza na mayai, wanamaliza na kocha.

Jumatatu ile ya nyuma Milo na Verlin walibaki wawili. Walikuwa wameinamia karatasi ya kuwekea sahani, wanaandika alama. Kwetu Ohio shule haiingii mtoano kwa kushinda tu. Unapata alama kwa timu uliyoifunga, halafu unaongezewa kila timu hiyo inapowafunga wengine. Kwa hiyo ikifika mwisho wa msimu unajikuta unamwombea mema mtu uliyemtukana Septemba. Timu kumi na sita zinaingia, nane za juu zinachezea nyumbani. Na bodi ya shule ilikuwa imemwambia Kurt tangu kiangazi: mwaka huu mechi ya mtoano ichezwe hapa Corliss, la sivyo kazi yake imekwisha.

"Tukishinda Ijumaa, na Tabor Ridge wakishinda Jumamosi, sisi wa nane," Verlin alisema.

"Wakifungwa?"

"Wa tisa. Tunapanda basi, na Kurt anatafuta kazi."

Mzee Milo akaitazama ile karatasi muda mrefu. "Basi mtu aende akawapigie kelele."

"Nenda wewe. Mimi nikivaa kijani mke wangu atanizika nacho."

Wakacheka mpaka Verlin akakohoa. Na Alhamisi yake, mimi nikiwa nafuta meza, Verlin akaingia na kofia ya kijani, ya shemeji yake anayeishi kule. Akamvisha Milo kichwani mwenyewe. "Hii uivae, wasikumwagie soda." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Niliona kwa macho yangu.

Ijumaa Corliss walishinda. Jumamosi Tabor Ridge wakashinda. Tukawa wa nane.

Jumatatu nilidhani ile meza itakuwa sherehe. Nilipofika na birika la kahawa Chet alikuwa amekwisha panda moto, na Mzee Milo hajafika bado.

"Tibbs wa tatu katika wilaya nzima," Lonnie alikuwa anasema. Marquis Tibbs ndiye mrushaji wetu wa kwanza mwaka huu. "Gazeti limeandika, si mimi. Wa tatu."

"Wa tatu kwa kukimbia. Kwa kurusha ni wa kumi na tatu. Bibi yangu anarusha sufuria mbali kuliko yule."

"Bibi yako mwache, nilimwona akirusha pale harusini kwako. Yule yuko daraja lake."

"Na kocha! Imebaki yadi mbili, unarusha? Yadi mbili, Lonnie! Mpe mtoto mnene mpira, aanguke mbele, basi!"

"Tumeingia mtoano, Chet. Nyumbani. Unataka nini tena?"

"Tumeingia kwa mgongo wa Tabor Ridge. Nataka yule kocha wa shule ya Laurel. Na nataka nimwone Cade akipewa nafasi, walau robo moja ya mechi." Akamgeukia Verlin. Cade ni mjukuu wa Verlin, mrushaji wa pili, msimu mzima kwenye benchi. "Sema basi, Verl."

Verlin alikuwa anakoroga kahawa ambayo haina sukari wala maziwa. "Mimi simo. Nikisema mtasema ni kwa sababu ya mjukuu."

"Mwungwana huyu," Chet akasema. "Angekuwa mwanangu ningekwishamng'oa kocha na mizizi."

Mlango ukalia kengele, Mzee Milo akaingia, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeleta zawadi.

"Karibu, Kijani!" Chet akapaza sauti, mkahawa mzima ukageuka. "Riz, huyu usimpe mayai. Mletee bakuli la majani, siku hizi ndiyo rangi yake."

Watu wakacheka. Mzee Milo naye akacheka, akavua koti, akakaa, akamtazama Verlin.

"Waambie, Verl."

"Niwaambie nini?"

"Zile alama."

"Alama zipi?" Verlin hakuinua macho. "Sijui ulifuata nini kule, Milo. Nilidhani unatania."

Mzee Milo aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu anayengoja utani umalizike ili naye acheke. Haukumalizika. Akajieleza mwenyewe, polepole, Tabor Ridge na alama, wa nane na wa tisa. Lonnie akatikisa kichwa, akasema, "Hesabu iko sawa, Chet, mzee kasema kweli." Lakini Chet alikuwa amepata mfupa.

"Kwa hiyo baba anakwenda kwa adui kumwombea mwanawe kazi. Miaka thelathini na moja hujawahi kupiga kofi hapa kwetu. Kofi lako la kwanza ukaenda kuwapa wao."

Mzee Milo alikuwa bado anamtazama Verlin.

Na mimi nilikuwa nimesimama hapo na birika. Maneno yalinifika mpaka kwenye meno: hiyo kofia Verlin ndiye aliyeileta, nilimwona. Nikaangalia vikombe. Nikamimina kahawa. Nilijiambia mhudumu haingilii mazungumzo ya wateja, na Peg hapendi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Jumanne jioni bodi ya shule ilikaa ukumbini. Mimi sikwenda, Amisa alikuwa na joto. Darla alikwenda, na alipopita kwangu kunihadithia hata kofia hakuvua.

"Wamemtoa Kurt," akasema. "Wanamwacha amalize mtoano, halafu basi. Mkataba hauandikwi tena."

"Si walisema mechi ikichezwa nyumbani anabaki?"

"Walisema. Lakini kumeletwa karatasi, Riz. Majina mia mbili na kumi na nne, watu wanataka kocha mpya. Mwenyekiti anasema hawezi kuyapuuza. Halafu mtu mmoja nyuma akasimama na picha ya Milo. Akasema, kama hata baba yake kahamia kijani, sisi tunangoja nini? Watu wakacheka. Milo alikuwepo, safu ya pili. Kurt kamshika mkono kama mtoto, wakatoka."

"Karatasi ya namna gani?" nikauliza.

"Karatasi tu. Ndefu, za manjano. Imezunguka kila mahali tangu kiangazi, mimi mwenyewe nilishaiona kwa kinyozi."

Za manjano. Ilikuwa Septemba, saa mbili asubuhi, mkahawa umejaa, nina sahani tatu mkono wa kushoto. Verlin peke yake pale mezani, Milo hajaja. Akanisogezea karatasi ya manjano na kalamu. "Binti, weka jina hapa. Ni ya mpira tu." Mimi nilisoma mpaka darasa la saba kabla hatujaja huku, na Kiingereza cha kuandikwa nakisoma, ila kinataka utulivu. Nikaweka jina, na anwani, maana kulikuwa na nafasi ya anwani. Sikusoma. Nilimwamini kwa sababu alikuwa Verlin wa Mzee Milo.

Darla alipoondoka nilikaa na Amisa kifuani, joto lake linanipita nguo. Chini kwa mzee taa ilikuwa inawaka na hakukuwa na sauti ya redio.

Jumatano sikumwona. Alhamisi asubuhi nilikuwa na mapumziko. Nilipika supu ya kuku, nikaimimina kwenye bakuli lenye mfuniko, nikashuka na mtoto. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Hafungi kamwe.

Alikuwa jikoni, amevaa vizuri, kanyoa, kama mtu anayetaka kwenda mahali. Mezani kulikuwa na karatasi zimepangwa, kurasa tisa. Nyeupe. Nakala.

"Kaa, Riz. Nipe Bosi." Ndivyo anavyomwita Amisa tangu mtoto alipozaliwa. Mtoto akamrukia, akaanza kumvuta nyusi.

"Umezipata wapi, Mzee Milo?"

"Ofisi ya shule. Ukiomba wanakupa, ni za umma. Yule dada wa pale nilimfundisha kuendesha baiskeli, hakuweza kuniangalia usoni." Akageuza ukurasa wa kwanza kunielekea, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Soma."

Nikasoma. Verlin R. Stroud.

"Sasa tarehe."

"Agosti kumi na nne."

"Agosti kumi na nne. Riz, mechi ya kwanza ilikuwa Agosti ishirini na mbili. Tulikuwa hatujafungwa. Tulikuwa hatujacheza."

Sauti yake haikupanda. Alikuwa anampapasa mtoto mgongoni.

"Kurt alimtaja Tibbs kuwa mrushaji wa kwanza siku ya kumi na tatu. Nakumbuka kwa sababu jioni yake Verl alikuja hapa kupaka rangi, nikamwambia pole kwa Cade, atapata nafasi yake. Akasema, 'Milo, Tibbs ni bora, kila mtu anaona.' Hapo, kwenye ngazi. Nikamwona ana moyo mkubwa sana. Nikajiambia, angalia mtu huyu, mjukuu wake mwenyewe." Akaigusa ile tarehe kwa kidole. "Kesho yake akaandika hii."

Nilifungua mfuniko wa supu, nikafunga tena.

"Kama angekuja akaniambia Kurt hafai, ningemsikiliza," akasema. "Mimi mwenyewe nasema ile mechi ya Laurel aliiharibu. Watu wanamtaka kocha mwingine, sawa, ni mpira, ndivyo ulivyo, makocha wanakuja na kuondoka. Chet simlaumu. Chet kanitukana usoni tangu mwaka 1990. Lakini Ijumaa kumi, Riz. Ijumaa kumi kasimama yadi kumi kutoka kwangu, mikono yetu kwenye mnyororo mmoja, ananiuliza, 'Kurt analala? Mwambie asisome magazeti.' Na karatasi iko kwenye gari lake."

"Na kofia," nikasema.

"Na kofia."

"Nilimwona akikuvisha. Jumatatu nilikuwa hapo, nilitaka kusema, sikusema."

"Nilikuona."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. Nikaona bora nimalize yote.

"Mzee Milo, na mimi jina langu limo humo."

Akafunua kurasa bila kutafuta sana, akasimama kwenye wa nne. Niliona mwandiko wangu, ule wa herufi zilizosimama wima kama zilivyofundishwa shuleni, kila moja peke yake.

"Mstari wa themanini na sita," akasema. "Wewe peke yako ndiye uliyeandika anwani yote mpaka namba ya posta. Nilipoiona nilidhani ni yangu. Nyumba ni moja." Hapo ndipo sauti yake ilipokatika kwa mara ya kwanza. "Nilikaa na huo mstari jana, mchana mzima. Ya Verl niliikuta saa tatu asubuhi, nikasema sawa. Halafu nikafika hapa."

"Aliniambia ni ya mpira tu. Sikusoma."

"Najua hukusoma."

"Lakini niliandika."

"Uliandika."

Amisa alikuwa amekamata ukingo wa karatasi, anauleta mdomoni. Hakumnyang'anya. Kona ya ukurasa ikalowa mate, na majina mawili yakaanza kulegea. Nililia kidogo, nikijifanya nashughulika na kijiko. Yeye akaamka, akachukua mabakuli mawili, akagawa ile supu, akaniwekea yangu mbele, kana kwamba mimi ndiye niliyepatwa na msiba.

Tulikula. Aliisifu, akasema imezidi pilipili. Akaniambia Kurt na mkewe wameshaanza kutazama nyumba za upande wa Kentucky, huenda akapata shule huko kufikia Februari. Wajukuu wataondoka naye. Alilisema hilo kama anavyosema alama za timu, akimtazama mtoto wangu.

"Kesho utakwenda?" nikamuuliza. Kesho yake, Ijumaa, ndiyo mechi ya mtoano, nyumbani, ile ile aliyokwenda kuitafuta kwa kofia ya kijani.

"Nitashika fimbo yangu."

"Na Verlin?"

"Hajaacha. Nilimpigia mkuu wa michezo kumuuliza, akasema Verlin yupo, saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Nikamwambia basi na mimi nipo."

"Mzee Milo, si ukae tu jukwaani. Au hapa. Mechi inatangazwa redioni."

"Jukwaani nani yupo? Hawa?" Akagusa karatasi. "Na mwanangu ana mechi moja, labda mbili, halafu hatasimama tena pale. Mtu wa mnyororo anakaa karibu na benchi. Naweza kumsikia akipiga kelele. Siachi fimbo yangu."

Akafuta meza pale ambapo hapakuwa na kitu. Nikadhani amenichoka, nikanyoosha mikono kumchukua mtoto. Hakumtoa.

"Kuna kitu nataka kukuomba, Riz. Ukikataa nitaelewa."

"Sema."

"Njoo kesho. Mvike Bosi kofia ya sufu, kutakuwa na baridi. Usikae juu na watu. Simama kwenye uzio, upande wetu, nyuma ya fimbo yangu. Refa hatakukataza, nitamwambia."

"Nifanye nini hapo?"

"Unisemeshe."

Nilidhani sikusikia sawa. "Nikusemeshe nini, Mzee Milo? Mpira wenyewe siujui vizuri."

"Chochote. Homa ya mtoto, Darla kavaa nini, Peg kapandisha bei ya pai. Kati ya nafasi moja na nyingine, kabla mpira haujachezwa tena, kuna nusu dakika, na hiyo nusu dakika miaka thelathini na moja nimeizungumza na yeye. Naye ataanza tu, kama vile hakuna kitu. Atasema, 'Uliiona ile, Milo?' Na mdomo umezoea. Nitajibu kabla sijakumbuka." Akaniwekea Amisa mapajani, taratibu, akamfunga kifungo cha shingoni. "Mpira ukisogea, na wewe sogea. Usiniache nikamjibu."